Sifuri ya Upande wa Kulia

Neema aliua wavuvi arobaini kwa muda wa dakika tatu, nami nimekaa pembeni yake na sahani ya sombe, mboga ya majani ya mihogo, magotini, nisijue nimkataze kwa mamlaka gani. Alikuwa anacheza kwenye simu. Ni msichana wa miaka kumi na saba, mjukuu wa Mama Mapendo, na mchezo wenyewe aliutafuta kwa ajili yangu, kwa heshima, baada ya mimi kusimulia wakati wa chakula kwamba mwaka nilioishi katika nyumba yao ya zamani kule Kalundu tulikuwa na ordinateri, yaani kompyuta, ya kuchomekwa kaseti, na kwamba ndani ya kaseti hiyo mlikuwa na mchezo wa mtumbwi unaopita gizani kati ya taa za wavuvi. Aliniuliza jina la mchezo. Sikulijua, kwa sababu karatasi ya juu ya kaseti ilikuwa imebanduka kabla haijatufikia. Nikamchorea nyuma ya bahasha: mtumbwi chini, nukta juu, namba mbili pembeni. Akaandika maneno machache, akaupata kwa muda mfupi kuliko nilioutumia kutafuta miwani. "Ni huu, Mjomba?" Ulikuwa huu. Moyo ulinipiga kama wa mtu aliyeitwa jina lake la utotoni sokoni. Kisha akaanza kupiga risasi.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nacheza."

"Hizo ni taa za watu."

Aliniangalia kwa upole ambao vijana huwawekea wagonjwa. "Mjomba, angalia muzuri. Iko na meno."

Zilikuwa na meno. Kwenye simu ya Neema, yenye rangi zote alizoziumba Mungu na nyingine zaidi, zile nukta zilikuwa wadudu wekundu wenye miguu sita na vinywa vilivyojaa meno, na kile nilichokiita mtumbwi kwa zaidi ya miaka thelathini kilikuwa chombo cha kusafiria angani, chenye mabawa, kikitoa moto nyuma. Maji hayakuwapo. Giza nililolijua kuwa ziwa lilikuwa mbingu tupu. Na juu upande wa kulia, mahali ambapo sisi mwaka mzima tuliona sifuri, namba ilikuwa inapanda, kumi, kumi, kumi, na kila kumi ni mdudu mmoja aliyepasuka. Televisheni yetu haikuwa na rangi, na ilikuwa na ukungu wa kudumu. Kila kitu kidogo ndani yake kilionekana kama taa. Huo ndio utetezi wangu. Namwomba msomaji aukumbuke, kwa sababu sasa naingia kwenye sehemu ya aibu.

Nimeandika juu ya mchezo huu. Niliandika makala ya kurasa ishirini na mbili, yenye tanbihi, iitwayo "Maadili ya Sifuri", na kama kuna watu wanaonijua nje ya mtaa wangu, wananijua kwa makala hiyo. Ndani yake nilidai kwamba watoto wa pwani ya ziwa, walipopewa mashine ya kigeni iliyotengenezwa kwa ajili ya kuua, waliisoma kwa macho ya watu wanaojua kwamba chini ya kila taa iliyo juu ya maji amekaa baba wa mtu. Kwa hiyo, nilisema, bila kufundishwa na yeyote, walibuni mchezo mwingine kabisa, usio na mshindi, ambao heshima yake ni kubaki na sifuri. Niliisoma Bukavu mbele ya watu mara mbili. Mara ya pili mama mmoja wa safu ya mbele alilia, ingawa baadaye nilisikia kwamba alikuwa na mafua. Neno "ubunifu" linaonekana humo mara thelathini na moja. Aliyezihesabu ni mhariri wangu, na hakuzihesabu kwa kunisifu.

Nilikuwa nimeshuka Uvira kwa sababu ya ziwa. Mapendo, binti wa Mama Mapendo na mama wa Neema, alikuwa amenipigia simu, akaniita kwa jina langu la nyumbani: "Bya, maji imeingia mu saluni. Mama amekubali kutoka. Njoo umuone akiwa bado na hasira, akitulia hautamjua." Nikapita Kamanyola, nikanunua gunia dogo la mchele pale Bwegera ili nisifike mikono mitupu, na kabla ya kupanda kwa Mapendo, ambaye nyumba yake iko juu mlimani mahali maji hayatafika, niliteremka kwanza Kalundu kuiona ile ya zamani. Ilikuwa imesimama ndani ya maji hadi madirishani, kama mtu anayeoga ambaye hataki watu wamkaribie. Mtu alikuwa amefunga mtumbwi wake kwenye nondo ya dirisha la saluni, yaani sebule. Nilisimama pale kwenye tope, na viatu vyangu vya kuhutubia, nikahesabu madirisha mpaka nikalipata letu.

Sababu za kupelekwa kwa Mama Mapendo nikiwa na miaka kumi na miwili ni ndefu na hazina raha, nitaziruka. Inatosha kwamba nilitakiwa kumaliza darasa la sita Uvira, na yeye alikuwa na kitanda. Nilifika na sanduku la mbao. Saluni ilikuwa na viti vinne vya kamba, meza iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, televisheni, na dirisha moja kubwa linalotazama ziwa, na nyumba nzima ilinuka ndagala, kwa kuwa Mama aliishi kwa ndagala. Kila alfajiri aliteremka na mabeseni kuwapokea wavuvi, akanunua, akawaanika wale samaki wadogo mchangani, akawageuza kwa mikono jua lilipopanda, na mchana akawauza. Nilipoingia, msichana aliyenizidi mwaka mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti kimojawapo, ameligeuzia dirisha mgongo. Nikamsalimu. Akaniuliza kama nilipokuwa njiani nilifuata barabara au maji. Nikasema barabara. "Basi kaa," akasema Mapendo.

Baba yake alikuwa mvuvi wa karabai. Miezi mitatu kabla sijafika, katika siku zile zisizo na mwezi ambazo ndizo siku za kazi, alitoka na wenzake. Upepo ukavuma, mitumbwi mingine ikarudi asubuhi, wa kwake haukurudi. Watu walitafuta mpaka upande wa Burundi. Tangu siku hiyo Mapendo hakuteremka tena kwenye maji. Hakugusa ndagala, akala bugali kwa mboga ya lengalenga mchana na jioni. Ilipofika saa kumi na moja alifunga mbao za dirisha, kabla taa hazijaanza kuwashwa kule nje, na sisi tukakaa gizani kwa joto mpaka mtu apate kiberiti. Mama hakumgombeza. Alimpikia lengalenga kwenye sufuria ya peke yake, akaiosha sufuria hiyo kwa majivu ili isinuke samaki, na nilimwona siku moja anainusa, anaiosha tena.

Mwezi wa pili wangu pale alikuja Tantine Odeta, mdogo wake Mama, kutoka Bukavu, na mapochi mawili na manukato ambayo ndagala waliyashinda kabla ya saa sita. Baada ya chakula yeye na Mama walikaa jikoni. Kati ya jikoni na chumba changu palikuwa na ukuta wa matofali usiofika juu, na mimi nilikuwa mtoto mwenye tabia ya kusoma kwa kimya nikisikia sauti za chini.

"Dada, mutoto anakauka hapa," Tantine alisema. "Asubuhi mitumbwi, jioni taa. Nipe nimupeleke Bukavu."

"Bukavu nako iko na ziwa."

"Lile halikumula baba yake."

Nikasikia Mama anakwangua sufuria ambayo bila shaka ilikuwa safi.

"Mpaka masomo ifunge," akasema mwishowe. "Kama hajateremka kwenye maji, utamuchukua. Minye sitasema neno."

"Utasema."

"Nitasema, lakini utamuchukua."

Nilipotoka chumbani nilimkuta Mapendo amesimama kwenye mlango wa uani na ndoo tupu. Alikuwa amesikia, na aliona kwamba nami nimesikia. Tulitazamana kama watu wawili waliokutana mahali ambapo hakuna hata mmoja aliyepaswa kuwepo, kisha akaenda kuchota maji kwenye bomba. Kuanzia siku hiyo nyumba yote ilikuwa na tarehe, na wote tuliijua, na hakuna aliyeitaja. Mimi, kwa upande wangu, niliona kwamba jambo hilo linanihusu sana. Nilikuwa nimekwisha kumpenda Mapendo kwa namna ya miaka kumi na miwili, yaani nilimwazima kalamu zangu na kumsahihisha Kifaransa chake, ambacho kilikuwa kizuri kuliko changu.

Ordinateri ilikuwa chini ya kitanda cha Mama. Baba Mapendo aliinunua Bujumbura kwa mzungu mmoja aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao, wiki moja kabla ya safari ile ya mwisho, na haikuwahi kutolewa kwenye boksi kwa kukosa waya wa kuiunganisha na televisheni. Siku moja tuliporudi shuleni tuliikuta mezani, juu ya kile kitambaa cha kufuma. Mama alikuwa amemwita fundi wa redio. Kibao chake kilikuwa cheusi, chenye vitufe kama vya mashine ya kupiga chapa, na tundu la kuchomeka kaseti. Na kwa waya mrefu ilikuwa na maneti, fimbo fupi ya kushikwa kwa mkono, yenye buto moja nyekundu ya kubonyeza. Kaseti zilikuwa mbili. Moja haikufanya kitu chochote, ila kutoa mistari. Ya pili ilikuwa hii.

"Kitu ya baba yako," Mama alimwambia Mapendo. "Alinunua tucheze. Tucheze."

Mapendo alikaa kwenye kiti chake, na kwa kuwa televisheni ilikuwa kwenye ukuta wa pili, mkabala na dirisha, mgongo ulibaki dirishani. Kioo kikawa cheusi. Chini pakatokea kitu chembamba kinachokwenda kushoto na kulia. Juu zikaanza kuteremka nukta nyeupe, mbili, tatu, zikiyumba kidogo. Hakuna aliyesema ni nini. Hatukuhitaji kuambiwa, kila mtu aliyekulia pwani ile ameona mstari wa taa ukiyumba vile. Nilimtazama Mapendo nikidhani atainuka. Hakuinuka. Mama akashika maneti kwa mikono miwili kama mpini wa jembe, akaupitisha mtumbwi kati ya taa ya kwanza na ya pili, kati ya pili na ya tatu, kisha ya nne ikamgonga, kioo kikawaka, mchezo ukaisha.

"Samahani, baba," Mama alikiambia kioo. Hivyo ndivyo wanavyosema wavuvi mtumbwi wako ukigusa wavu wa mwenzako gizani, na hiyo ikawa sheria ya kwanza ya nyumba: ukiigonga taa, unaomba radhi. Sheria ya pili ilihusu namba. Namba ya kushoto ilipanda yenyewe kadiri unavyokwenda mbele, na Mama alisema ni umbali. Ya kulia ilikuwa sifuri. Nilipouliza hiyo inahesabu nini, alifikiri kidogo. "Watu waliokufa," akasema. "Mu nyumba hii itabaki sifuri." Niliona hilo ni jambo la akili kabisa, mimi ambaye shuleni nilikuwa nikiificha sifuri yangu ya hesabu ndani ya soksi. Na ile buto nyekundu? Niliibonyeza mara nyingi. Haikufanya kitu. Niliwatangazia wote kwamba imekufa, kwa sauti ya mtu anayejua mashine, nikaeleza hata sababu, ambazo zilikuwa vumbi na safari ndefu.

Tukacheza mwaka mzima. Umeme ulikuja baada ya saa nane za mchana na kuondoka ulipotaka, kwa hiyo tulikula haraka, nikaharakisha hata sala, na tukakaa watatu kwa zamu, mtu acheze mpaka agonge taa, aombe radhi, ampe mwingine maneti. Mama alicheza na harufu ya ndagala mikononi mpaka ile fimbo ikanuka samaki. Mara ya kwanza Mapendo aliposhika maneti alikwenda mbali kuliko sisi wote, kimya, meno yameshika mdomo wa chini. Baada ya wiki chache akaanza kuzitaja taa. Ile pana ya Papa Kitoga, hatoki njiani hata umuimbie. Zile mbili za mapacha wa bandarini, haziachani. Hakuwa amewataja watu wa majini tangu msiba ule. Mama alisikia, akatoka nje ghafla kwa shughuli ambayo hakurudi nayo. Ilikuwepo taa nyingine, iliyopita peke yake, juu kabisa, toka kushoto kwenda kulia, kwa haraka, mara moja moja tu. Haikuteremka kwetu kamwe. Hiyo Mapendo hakuipa jina. Ilipotokea aliacha kusogeza fimbo, akaifuata kwa macho mpaka ikaishia pembeni, na mara nyingi ndipo taa nyingine ilipomgonga. "Samahani, baba," alisema, bado anatazama kule pembeni. Mimi, mtaalamu, nilimshauri aache kuangalia vitu visivyo na faida.

Lakini dirisha lilibaki limefungwa saa kumi na moja, na ndagala hakuwagusa, na mwezi wa masomo kufungwa ukafika. Tantine Odeta alituma habari kwamba anakuja Jumapili. Siku ya Ijumaa nilikwenda na Mama kumsaidia kurudisha mabeseni, na njiani hakuzungumza nami hata neno moja, alikuwa anasogeza midomo tu kama mtu anayejifunza kwa moyo kitu atakachokisema. Tuliporudi tulimkuta Mapendo amekaa kwenye kizingiti, anamenya mihogo kwa kisu cha mezani, kile cha kupakia siagi. Anaimenya vibaya sana. Nilimcheka. Nikamwambia kwamba hata mihogo ina haki zake. Hakunijibu kwa dhihaka kama kawaida. Macho yake yalikuwa yamevimba, na mimi, mwangalifu mkubwa, nilidhani ni kitunguu, ingawa hapakuwa na kitunguu. Mama aliingia ndani, akaitazama televisheni iliyozimwa, akatoka, akakaa karibu naye, akamnyang'anya kisu taratibu.

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, Mama aliinuka kuchukua mabeseni akakuta ni moja. Alinigutusha. Tulitoka hadi ukingoni mwa kiwanja, jua lilikuwa ndiyo linatoka upande wa Burundi, na pale chini mchangani, kati ya wanawake wenzake, alikuwepo Mapendo na lile beseni jingine, amesimama majini hadi magotini, anabishana na mvuvi juu ya kipimo. Nakumbuka Mama hakuteremka. Alikaa chini pale pale kwenye nyasi zenye umande, na kitenge chake safi, akanishika mkono kwa nguvu iliyoniumiza. "Usimuite," alisema. "Hapana muita." Tantine alikuja Jumapili, akapewa bugali kwa ndagala, akamtazama mpwa wake anavyokula, akarudi Bukavu peke yake na mapochi yake mawili. Nami nilipasi, kwa alama ambazo sitazitaja, nikaondoka Uvira kabla ya vakansi ya shule kwisha. Ndiyo mwaka wenyewe.

Sasa turudi kwenye sombe yangu iliyopoa. Nilimwomba Neema asimamishe mchezo, nikaanza kumweleza makala yangu. Nilieleza vizuri. Nilifika kwenye macho ya watoto wa pwani na kutofundishwa na yeyote, wakati Mama Mapendo, ambaye tulidhani amelala kwenye kiti chake karibu na mlango, aliuliza bila kufungua macho:

"Buto ya hiyo simu inafanya kazi?"

"Inafanya, Koko," Neema akajibu. Ndivyo anavyomwita bibi yake.

"Ile ya kwetu minye niliifunga."

Nilimwomba arudie. Alifungua macho, akarudia polepole, kama mtu anayemsaidia mgeni. Siku ile fundi alipounganisha waya sisi tulikuwa shuleni. Fundi akacheza kidogo kujaribu, akabonyeza buto, kitu kikatoka kwenye mtumbwi, taa ikapasuka. Mama alimlipa, akamsindikiza, akafunga mlango. Akachukua kisu cha kupakia siagi, akafungua skurubu nne za maneti, akakata kwa mkasi kiduara cha mpira wa ndani wa baiskeli, akakiweka chini ya buto, akafunga.

"Mutoto amepoteza baba kwenye maji," alisema. "Nimuletee mashine ya kuzima taa? Weye ungefanya nini?"

"Mama, mimi niliandika kwamba ni sisi," nilisema. "Watoto. Kwamba hakuna aliyetufundisha."

"Najua. Ulinitumia. Nilisoma mpaka nusu, usingizi ikanichukua." Kisha akanionea huruma. "Iliandikwa muzuri, Bya. Iko na maneno mingi."

Neema alicheka mpaka simu ikamwangukia. Nikacheka pia, kwa kuchelewa. Unapoangukiwa na kurasa ishirini na mbili huna cha kufanya ila kusubiri vumbi litue. Niliwaza yule mama wa safu ya mbele, nikatamani kwa dhati kwamba yalikuwa mafua kweli.

Mapendo hakucheka. Alikusanya sahani, akaniambia nimsaidie kuzibeba, jambo ambalo mwanamke wa Uvira hamwombi mgeni, na nikamfuata jikoni. Dirisha la jiko lake linatazama ziwa, na kutoka juu kule mlimani unaliona lote, mpaka milima ya ng'ambo. Hana pazia. Ni mwanamke wa makamo sasa, mpana wa mabega, mwenye mitumbwi miwili yake mwenyewe na wavuvi wanaomwogopa. Alianza kuosha, mgongo kwangu.

"Skurubu zilikuwa na mikwaruzo," alisema. "Niliiona siku ya kwanza. Mashine ya zamani, lakini mikwaruzo iko mupya."

Sikuelewa haraka. Ni kawaida yangu.

"Ile Ijumaa mulikwenda kwenye mabeseni. Nilifungua maneti. Nikakuta kampira kamekatwa kwa mukasi ya Mama, nilijua ile mukasi, inakula pembeni. Nikakatoa. Nikafunga, nikawasha." Aliweka sahani juu ya nyingine. "Nilingoja ile inayopita peke yake. Ilichelewa sana. Ikaja, nikapiga."

"Ikawaje?"

"Ikazimika. Sauti ndogo tu, kama mutu anafunga sanduku. Namba ikawa mia tatu." Maji yalitiririka juu ya mikono yake. "Nikaacha fimbo. Nikawaza sasa yote itasimama. Zingine ziliendelea kuja, Bya. Papa Kitoga, mapacha, wote. Nikasema, njo vile. Yeye amezimika. Wengine wanarudi kila asubuhi na Mama anashuka kuwapokea peke yake, na beseni mbili."

Nilikumbuka kisu cha siagi, na mihogo, na hekima niliyoitoa pale kizingitini.

"Na mpira?"

"Nilirudisha. Nilizima mashine namba irudi. Nilitaka Mama akute sifuri." Akageuka, akanifuta povu kwenye mkono wa shati, povu alilokuwa amenimwagia mwenyewe. "Yeye anajua ni kampira yake ndiyo iliniteremusha. Nusu ni kweli. Muache nayo. Na weye andika unavyotaka, Mama hatapita nusu ya ukurasa."

Tuliporudi saluni Mama alikuwa amemnyang'anya mjukuu simu. Ameishika mbali na macho, kwa mikono miwili, kama mpini wa jembe.

"Koko, gusa hapa uende, gusa hapa upige," Neema alimwonyesha. Buto kwenye simu ni duara jekundu lililochorwa pembeni mwa kioo, halina skurubu, na hakuna pa kuingiza mpira.

Mapendo aliketi kwenye mkono wa kiti cha mama yake. Alinyoosha kidole chake cha shahada, bado kina maji, akakipitisha juu ya kioo, akakilaza palepale karibu na lile duara, kidole cha bibi kisifike. Mchezo ukaanza. Mtumbwi ukaenda kushoto, ukasita, ukarudi kulia. Wale wadudu wakateremka na miguu yao sita na meno yao, na Mama, ambaye macho yake siku hizi hayaoni rangi wala meno, akapita kati ya wa kwanza na wa pili.

"Mama, unafunga buto," Neema alimwambia Mapendo.

"Najua."

"Sasa Koko hatapata pointi."

"Nyamaza, naendesha," Mama alisema. Ile inayopita peke yake ikatokea juu kushoto. Kidole cha Mama kikasimama. Kidole cha Mapendo hakikuondoka. Wote wawili waliinua kidevu kidogo, wakaifuata hivyo mpaka ikaishia pembeni, na kwa bahati hakuna kilichowagonga.

"Bya," Mama aliniita, "weye mwenye miwani. Kulia iko ngapi?"

Niliinama juu ya vichwa vyao nikasoma, ingawa sikuhitaji miwani.

"Sifuri, Mama."

"Njo vile," alisema, akaendelea kupita katikati yao.